Sentensi Moja Aliyoiomba Bi Pindo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Siku zote kipindi hiki hukianza kwa upole. Leo mniwie radhi. Nimeingia studio na hasira, na sitajifanya sina.

Tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Wateja walimwita Bi Pindo, maana hakuna aliyemshinda kukunja pindo la suruali. Blogu yake nayo aliiita Pindo. Kila Alhamisi asubuhi alibandika makala moja. Kila Alhamisi, kwa miaka tisa, isipokuwa Alhamisi kumi na nne nitakazozieleza. Amefariki Jumamosi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na sita. Moyo ulisimama akipanga vitambaa kwenye rafu.

Wengi wenu mnamjua bila kujua kwamba mnamjua. Mmesoma maneno yake kwenye simu zenu, jina lake likiwa limefutwa. Mmeyasikia hapahapa, kwenye redio hii. Nitafika huko.

Kwanza niwaeleze alivyoandika. Watu hudhani makala ya blogu ni kama chafya: inakuja, unajifuta pua, imekwisha. Bi Pindo ilimchukua siku sita. Ijumaa hadi Jumatano, kwa makala ambayo wewe uliimaliza chai ikiwa bado ya moto.

Alianza na chaki. Akiwa anashona, sentensi ikimjia, aliiandika pembeni ya meza yake kwa chaki ileile ya kupimia. Siku moja alipitiwa akaandika ndani ya suruali ya mteja. Mteja yule, mwalimu wa hesabu, alifika nyumbani akakuta ndani ya mguu wa suruali maneno haya: "Anavuta tumbo ndani nikimpima." Alirudi kuuliza kama ni yeye. Bi Pindo akamwambia ni yeye. Wakacheka wote wawili, na kiuno kikaongezwa.

Jioni alihamisha zile sentensi kwenye daftari. Jumatatu alimsomea mdogo wake, wa tumbo moja, ambaye kazi yake dukani ilikuwa kupiga pasi. Huyo mdogo wake ameniambia hivi: "Dada hakuwa akiniangalia usoni. Aliangalia pasi. Nikiendelea kupiga pasi, anakata. Pasi ikisimama, anaacha." Amesema kuna makala moja iliyomfanya aunguze shati la watu. Makala hiyo haikukatwa hata neno.

Jumanne ilikuwa siku ya kufumua. Bi Pindo alikuwa na msemo wake: sentensi ikikubana kwapani, usiilazimishe, fumua. Aliwahi kufumua makala nzima mara nne. Jumatano alichapa kwenye simu kwa kidole kimoja, kwa sababu kidole cha pili kilichomwa sindano tangu ujana na hakikuwa na hisia.

Na alikuwa na sharti. Habandiki habari za mtu kabla hajaenda kumwomba ruhusa. Lishikeni hilo. Habandiki kabla hajaomba ruhusa.

Sasa nakuja kwenye makala ya koti. Mzee mmoja mgonjwa alileta koti lake la kijani lipunguzwe, kwa sababu alikuwa anakonda. Baada ya miezi miwili akalileta tena. Mara ya tatu alikuja ameshikwa mkono na mkewe. Akasema, "Fundi, punguza, lakini kitambaa usikikate. Kiache ndani. Huenda nikanenepa." Bi Pindo alikunja kile kitambaa ndani, akakishona kwa mkono. Mzee alizikwa na koti lile.

Makala ile ilimchukua wiki kumi na moja. Aliiandika, kisha akaenda kwa mjane akiwa na daftari, akamsomea sebuleni. Mjane aliomba sentensi mbili ziondolewe. Zikaondolewa palepale, mbele yake. Akaomba iandikwe kwamba alimuuguza mumewe miaka miwili kwa mikono yake. Ikaandikwa. Ndipo ikabandikwa.

Wiki moja baadaye ilikuwa kwenye kila simu. Jina la Bi Pindo halikuwepo. Chini yake kulikuwa na maneno mawili tu: Kama ilivyopokelewa. Hivi imepokelewa kutoka kwa nani? Iliota kama uyoga?

Halafu ikafika hapa. Mtangazaji mwenzangu wa kipindi cha asubuhi aliisoma, na muziki laini ukipigwa chini yake. Alisema ni habari ya jirani yake. Na kwa kuwa aliona haijaliza vya kutosha, akaongeza chumvi. Akasema mke wa yule mzee alimkimbia alipougua. Koti la kijani akaliacha vilevile. Mwaka ule alipewa tuzo ya msimulizi bora. Kikombe kiko kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Nimekipita leo nikiingia.

Majirani wa mjane walilijua lile koti. Wakaanza kumuuliza, wengine kwa kumcheka: kumbe ulimkimbia? Mwanamke aliyemlisha mumewe kwa kijiko miaka miwili. Akaenda dukani kwa Bi Pindo. Hakufoka. Alisema, "Fundi, mimi nilikufungulia mlango." Akaondoka.

Bi Pindo alifunga duka siku ileile akaja kwenye kituo hiki. Alikaa mapokezi kwa muda wa saa tatu, daftari mapajani. Mwisho akaambiwa aandike barua. Akachana karatasi kwenye daftari, akaandika, akampa mtangazaji wa kwanza aliyepita.

Mtangazaji huyo ni mimi.

Niliipeleka kwa meneja wa vipindi. Akasema mambo ya mtandaoni hayana mwenyewe, nisimletee kesi za mafundi. Nikaitia barua kwenye droo ya meza yangu. Nilikuwa na sababu nyingi za kunyamaza, na zote jina lake ni uoga. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Baada ya hapo Bi Pindo hakuandika Alhamisi kumi na nne. Mdogo wake anasema alishona tu, na chaki ilikuwa ya vitambaa peke yake. Mpaka siku moja mjane akaja na sketi. Alitaka pindo lishushwe. Hakutaja koti wala redio. Alikaa akasubiri hadi ikaisha, akanywa chai iliyowekwa mbele yake, akaaga. Alhamisi iliyofuata makala ikatoka. Tangu hapo hakukosa tena hadi alipofariki.

Siwezi kusema wizi ule ndio uliomuua. Mdogo wake amenikataza nisiseme, kwa kuwa si kweli, na dada yake asingeliruhusu. Basi sisemi.

Lakini nitasema hili. Jumatatu wiki hii, mwili wake ukiwa haujazikwa, kipindi chetu cha asubuhi kilisoma makala yake nyingine. Kikasema ni kisa kinachozunguka mtandaoni. Simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wake. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hata leo, ndugu yangu? Hata leo?"

Nilifungua droo.

Wasikilizaji, nilidhani barua ile ilidai jina lake litajwe. Kwa miaka mitatu nilijiambia hivyo, kwamba ni mtu anayetafuta sifa. Sikuwahi kuisoma hadi mwisho. Nimeisoma Jumatatu. Jina lake hakulitaja kabisa. Aliomba sentensi moja isomwe redioni, saa yoyote mtakayoona inafaa. Naisoma.

"Mke wa mzee mwenye koti la kijani hakumkimbia mumewe, alimuuguza kwa mikono yake mpaka siku ya mwisho."

Nairudia, kwa aliyekuwa jikoni au barabarani. Mke wa mzee mwenye koti la kijani hakumkimbia mumewe. Alimuuguza kwa mikono yake mpaka siku ya mwisho.

Imechelewa miaka mitatu. Nimechelewesha mimi.

Kwa mdogo wake Bi Pindo, na kwa ukoo mzima, poleni sana. Mungu awape subira, na ampumzishe dada yenu pema. Kwako mama mjane, siombi unisamehe hewani ambako huwezi kunijibu. Nitakuja mlangoni kwako kesho, nibishe hodi. Ukinifungulia, sawa. Usiponifungulia, nitaelewa.

Na wewe unayesikiliza, simu ikiwa mkononi. Kabla hujasambaza kilichokuliza machozi, jiulize nani alikaa nacho siku sita. Ukikuta maneno "Kama ilivyopokelewa", uliza. Tafuta mwenyewe. Usipompata, angalau usiongeze chumvi, kwa maana katika kila kisa yumo mtu mwenye majirani.

Meneja wa vipindi amesimama nyuma ya kioo. Ananionyesha kwa mkono kwamba inatosha. Sijui kesho nitaketi kwenye kiti hiki au la. Najua tu, kwa ujumbe nilioupata, kwamba sasa hivi mjane yule na mdogo wake Bi Pindo wako sebule moja, redio imewashwa. Muda uliobaki ni wao. Tunyamaze pamoja nao, bila muziki.