Sekunde Kumi na Mbili Nilizozikata

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mchimbuaji wa makaburi ya kale, mtu aliyejulikana kwa jina la utani la Mzee Polepole. Alifariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Nimetangaza kumbukumbu nyingi katika kipindi hiki. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiogopa.

Jina la Polepole alipewa na wenzake kazini, na alilistahili. Alichimba kwa mwiko mdogo, kisha brashi, kisha kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Siku nzima ingeweza kuishia kwenye mguu mmoja. Mjane wake aliniambia juzi, anacheka huku machozi yanamtoka: "Huyo hata kuniposa ilimchukua miaka miwili. Mama akawa ananiuliza, huyu kijana anakutaka wewe au anasubiri basi?"

Kazini alikuwa na sharti moja. Moja tu. Mfupa hauguswi kabla ya kuchorwa. Alikuwa akikaza nyuzi juu ya shimo zikafanya miraba, kisha anachora kila mfupa kwenye karatasi, pale ulipo na vile ulivyoelekea. "Ukishamnyanyua basi," alisema. "Hata ukimrudisha, unakuwa umemlaza wewe, si ndugu zake." Binti yake, ambaye ni fundi cherehani, anakumbuka utotoni: "Akirudi nyumbani tunamuuliza, baba, leo umekutana na nani? Anasema, na mama mmoja, kalala ubavu, meno yake mazuri kuliko yenu. Haya, nendeni mkapige mswaki."

Sasa nifike penye uzito.

Miaka kumi na minane iliyopita nilikwenda pale yeye na wenzake walipokuwa wakichimba. Nilikuwa mgeni katika utangazaji, kichwa kimevimba, kinasa sauti kipya begani. Siku hiyo walikuwa wamefunua kaburi la mama na mtoto. Narudia: mama na mtoto, kaburi moja, la maelfu ya miaka. Mama kalala ubavu, kakunja magoti. Mbele ya kifua chake yuko mtoto. Mifupa mingine ya mtoto ilikuwa imeshaoza. Lilibaki fuvu tu, jembamba kama ganda la yai, uso wake bado umo udongoni. Kila mtu pale alikuwa na swali moja: mtoto huyu alilazwa akimtazama mama yake, au akimpa mgongo? Mzee Polepole alikuwa amemaliza kumchora mama. Mtoto alikuwa bado, na mpiga picha alikuwa hajafika.

Lakini redio haina macho. Mimi nilitaka sauti. Nilitaka udongo ukidondoka, na mzee akishusha pumzi anapomwinua mtoto. Nikamwomba amnyanyue. Akakataa. Nikamwomba tena. Alikuwa mpole, na mgeni wake alikuwa ananung'unika, na gari la mgeni linanguruma kando. Akaingiza vidole chini ya fuvu. Likasambaratika mikononi mwake.

Alikaa chini tu, viganja wazi, kama mtu aliyeshikishwa maji. Nami niliendelea kurekodi. Ndiyo, wasikilizaji, niliendelea.

Mkuu wa uchimbuaji akaja mbio. "Nani kamnyanyua?" Mzee akajibu, "Ni mimi." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, nakunja waya wa kipaza sauti. Niliukunja vizuri sana waya ule.

Baada ya siku hiyo Mzee Polepole hakufungua kaburi tena. Walimpeleka stoo kuosha vigae vya vyungu. Alikaa huko miaka kumi na mmoja, hadi alipostaafu. Kipindi changu kilisifiwa, na kiti hiki ninachokalia nilikipata kwa sababu yake. Kabla kipindi hicho hakijarushwa nilikata sekunde kumi na mbili.

Tulikutana mara moja tu baadaye, kwenye foleni ya kupima macho. Alinisalimia vizuri, akaulizia wanangu, kisha akanipisha mbele yake. "Pita," akasema, "wewe una haraka." Sijui kama alinitania au la. Nilipita.

Juzi nilipokwenda msibani, binti alinitolea karatasi iliyokunjwa kama bomba. Alikuwa ameikuta nyuma ya kabati. Ni mchoro wa kaburi lile: mama yupo, mstari kwa mstari, hadi vifundo vya vidole. Mbele ya kifua chake pana nafasi nyeupe. Chini mzee ameandika kwa penseli: "Kosa langu. Niliharakisha." Binti akaniuliza, "Baba yangu huyu, aliyekuwa akila yai moja kwa nusu saa, aliharakisha nini? Nimemwonea aibu kwa siku ile miaka yote, na sijawahi kuielewa. Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Nikanywa chai yangu. Nikasema, "Siku nyingi zimepita, dada." Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na maiti ya baba yake ikiwa chumba cha pili.

Kwa mjane, poleni sana, mama. Kwa wajukuu, poleni. Kwa waliochimba naye, nyinyi mliofundishwa na mikono ile, poleni. Dada, wewe uliniuliza na sikukujibu. Nakujibu sasa mbele ya watu wote. Baba yako hakuharakisha. Alisema hapana, zaidi ya mara moja. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Ile aibu uliyomwonea ni yangu, na sikuombi unisamehe hewani ambako huwezi kukataa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda yuko mtu anayebeba kosa lako, kakaa kimya, anaosha vigae vyake. Kama bado yu hai, mfuate leo. Mimi nilipewa miaka kumi na minane ya kumfuata, na nilichofanya ni kupita mbele yake kwenye foleni.

Zile sekunde kumi na mbili sikuzitupa. Nilizifungia kwenye droo hii iliyo chini ya meza yangu, hadi leo. Fundi mitambo, tafadhali, washa.

"Mzee, mnyanyue kidogo tu, wasikilizaji wasikie."

"Hajachorwa."

"Kidogo tu. Gari linanisubiri."

"Hajachorwa, mwanangu."

"Mzee wangu, nakuomba."