Mkufunzi Aliyekataa Kulishwa: Wasifu wa Marehemu Herminigilda Pagunsan Escote

Padri wetu, wakuu wa vyuo vya ualimu mliokaa mstari wa mbele, walimu, majirani wa Valderrama na ndugu wote wafiwa: poleni, na asanteni kwa kuvuka mto na mvua hii. Mimi ni Loreta, mshonaji, mdogo wake marehemu. Hapa wengi tulimwita Manang Ilda, na manang kwetu ni dada mkubwa. Alikuwa dada mkubwa wa kila mtu, mtu atake asitake. Aliponiagiza nisome wasifu wake alinipa sharti moja: "Usinipambe, Loreta. Jeneza litapambwa, inatosha." Basi sitampamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1953, kando ya mto Cangaranan, Valderrama, mkoani Antique. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa mzee Dionisio Pagunsan, mkulima wa mpunga, na mama Epifania, msukaji mikeka. Siku ile kalenda ya kanisa ilikuwa ya Mtakatifu Herminigildo, na mama hakuwa mtu wa kubishana na kalenda. Ubishi wote alimwachia mtoto. Baba akimtuma kuni, Manang alitaka kwanza aelezwe kwa nini kaka zetu wamelala. Alikwenda kuni, ndiyo, lakini kaka nao walikwenda.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwetu, akamaliza sekondari mjini Valderrama mwaka 1970, kisha akajiunga na chuo cha ualimu San Jose, alikohitimu Machi 1974. Sasa hapa naomba mnisikilize, na msiangalie chini, maana desturi hii nyote mnaijua. Mwanachuo akifikia mwisho wa mazoezi ya kufundisha, anatoa somo moja la mwisho mbele ya jopo la wasahihishaji. Na mezani kwa jopo lazima pawe na chakula. Wali, pansiti, yaani zile tambi za kukaanga, kuku wa kienyeji, soda. Hakuna kanuni popote inayosema hivyo, lakini thubutu kwenda mikono mitupu uone. Mama alimkamata kuku wetu pekee aliyekuwa akitaga, akamchinja huku anasali. Manang akasimama kufundisha kujumlisha sehemu, theluthi na robo, na mzee mmoja wa jopo akawa anatafuna paja mpaka watoto wakaacha kutazama ubao, wanamtazama yeye. Manang alifaulu vizuri sana. Alipofika nyumbani alikaa jikoni akalia.

"Unalia nini sasa, na umefaulu?" mama akamuuliza.

"Sijui kama nimefaulu mimi, Nanay, au amefaulu kuku."

Alianza kazi Juni 1974 katika shule moja ya milimani San Remigio. Huko ndiko alikokutana na Anselmo Escote, seremala. Wanaume wengine walimletea maua. Shemeji Anselmo alimletea kiegemeo cha mbao cha kutundikia chati zake za darasani, alichokipiga randa mwenyewe. Mama alipokiona alisema, "Mbao za nini hizi? Huyu anataka kukuoa au kukuzika?" Walifunga ndoa tarehe 27 Desemba 1978 katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Crisanto na Marivel. Shemeji alitangulia mbele ya haki mwaka 2011. Hakuwahi kumwambia mkewe anyamaze, na nawaambieni, angekuwa mwingine angeshamwambia mapema.

Mwaka 1985 aliitwa kuwa mkufunzi katika chuo kile kile alichosomea, akapewa kusimamia mazoezi ya kufundisha. Mwaka 1991 alikuwa na mwanachuo anayeitwa Nenita Alcoran, binti wa mchuma mwani, mwenye kipaji ambacho Manang alisema hajawahi kukiona. Siku ya somo lake la mwisho darasa likajaa watoto, jopo likakaa, Nenita hakuonekana. Wenzake wakasema amekwenda mjini Iloilo kufanya kazi za ndani. Jopo lilikuwa na watu wanne, na kwao Nenita hapakuwa na cha kuwapikia hata mmoja. Aibu ikamshika, akapanda basi.

Manang naye akapanda basi. Alizunguka Iloilo akiuliza mpaka akaipata nyumba yenyewe, akagonga geti, akatoka Nenita na kitambaa cha kupigia deki mkononi.

"Mwalimu, nisamehe. Sina cha kuwawekea mezani."

"Mimi nimekuomba nini wewe? Nimekuomba andalio la somo."

"Lakini wengine watasema..."

"Watasema. Midomo ni yao. Vaa viatu, tunaondoka."

Mama mwenye nyumba akatoka akifoka, nani atamalizia sakafu yake. Manang akamjibu, "Mama, piga deki mwenyewe, huyu ana darasa." Wiki iliyofuata Nenita alitoa somo lake mbele ya meza tupu. Yupo hapa leo. Simama kidogo, Nenita, watu wakuone. Ni mwalimu mkuu wa shule yenye watoto mia sita, na nusura awe mpiga deki kwa sababu ya sahani nne za wali.

Tangu siku hiyo Manang hakuonja kitu katika somo la mwanachuo. Alikuwa akija na viazi vitamu vyake vya kuchemsha kwenye kopo, anakula nje kwenye ngazi. Wenzake walikasirika kweli kweli.

"Manang Ilda, unatuaibisha. Mgeni atakaaje mezani bila kula?"

"Mimi si mgeni. Mimi ni msahihishaji. Msahihishaji akishiba, kalamu inateleza."

"Ni moyo wao tu hao watoto, wanatoa kwa upendo!"

"Basi wape maksi kwanza, halafu usubiri mwezi mzima uone kama upendo utakuja na pansiti."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika chuo chake aliweza kuikomesha desturi ile, kwa ugomvi. Lakini vyuo vingine viliendelea, na wakufunzi wapya walirithi meza kama wanavyorithi ofisi. Ilitakiwa amri ya mkoa mzima. Na hapo ndipo inapoingia Tuzo.

Kila Oktoba, kule Iloilo, hutolewa Tuzo ya Ubora na Utumishi katika Elimu ya Ualimu. Mshindi hupewa ngao ya ubao, hupigwa picha, kisha hupewa kipaza sauti mbele ya wakuu wa vyuo vyote na maofisa wenye mamlaka ya kutia sahihi. Manang alikitaka kile kipaza sauti. Kwetu mtu akipendekezwa kupewa heshima husema sistahili, sistahili, sistahili, halafu anapokea. Yeye alisema, "Naitaka." Watu wakacheka, wakamwita mroho wa sifa. Hata mimi nilimwambia, "Manang, angalau jifanye unaona haya." Akanijibu, "Mficha uchi hazai, Loreta. Nina jambo la kusema, na pale ndipo wanaposikiliza."

Alipendekezwa mara nne, akashindwa mara nne. Mara moja alishindwa na bwana aliyejenga geti la chuo, geti zuri, sikatai. Nakumbuka tulivyorudi na basi jioni ile, nikamwuliza kama sasa ataacha. "Kwani waliacha kula?" akasema, akalala usingizi mpaka San Jose. Alistaafu Aprili 2018, na hata baada ya hapo akaruhusu wanafunzi wake wa zamani wampendekeze tena.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi. Tangu hapo alikuwa akisafishwa damu hospitalini San Jose mara mbili kwa wiki, Marivel akimpeleka. Alilalamikia sindano, chakula kisicho na chumvi, na wauguzi wanafunzi walioshika sindano vibaya. Hao aliwafundisha hapo hapo kitandani namna ya kusimama mbele ya mgonjwa. Mwezi Agosti mwaka huu, 2023, simu ililia. Ameshinda Tuzo. Manang akaniambia, "Nishonee nguo yenye mikono mirefu. Nifiche hizi alama." Nilimshonea. Ndiyo aliyovaa sasa.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 19 Septemba, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa ameshikwa mkono na wanawe. Siku chache kabla nilimwuliza, na wakikunyima kusema je? Akanitazama kama anavyomtazama mwanachuo ambaye hakuandaa somo. "Basi wabaki na ubao wao," akasema.

Nasema haya kwa sababu baada ya kifo chake tulipigiwa simu tena. Tuliambiwa Tuzo bado ni yake na familia itapokea ngao, lakini hotuba haitakuwapo, maana ratiba imejaa na marehemu hawezi kuhutubia. Tena wakaona wamefanya hisani, wameileta ngao mapema, ile pale juu ya jeneza. Kamati ya mazishi nayo imeniomba nifupishe sehemu hii. Sifupishi! Dada yangu alisubiri kipaza sauti miaka yote hiyo, na leo kipaza sauti kiko mkononi mwangu, na waheshimiwa wale wale mko mbele yangu.

Basi hotuba yake ni hii, alinikaririsha mwenyewe, si ndefu: "Toeni amri kwamba mwanachuo asimlishe mtu anayempa maksi. Asimlishe, asimpe zawadi, asimpambie meza. Mwalimu tunayemfundisha kulisha wakubwa ili afaulu, atakwenda darasani na kusubiri kulishwa na watoto." Mwisho. Alisema mkiwa na swali mumwulize yeye, lakini mmechelewa.

Walimu mliomo humu ambao wazazi wenu walichinja, waliuza au walikopa kwa ajili ya meza ya jopo, nawaomba msimame, na mbaki mmesimama nikimalizia. Msione haya. Wa kuona haya si nyinyi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Crisanto na Marivel, mkwe mmoja, wajukuu watatu, wadogo zake wawili tuliobaki, mimi Loreta na Bonifacio, na walimu aliowafunza, ambao wengine wao ndio hawa mnaowaona wamesimama.

Waheshimiwa, ngao ile ni nzuri, na jina lake limeandikwa vizuri. Kabla jeneza halijashuka, Marivel ataichukua na kuwarudishia mikononi mwenu. Hatuikatai. Tutaipokea siku mtakayokuja nayo pamoja na amri iliyotiwa sahihi, na msumari wa kuitundikia tumeshaupigilia ukutani. Bwana amjalie dada yetu pumziko la amani, maana yeye kazi yake ameimaliza. Marivel, mwanangu, nenda kaichukue.