Turbo Alikuwa Anakimbilia Wapi

Benchi letu liko mtaa wa Satellite, kando ya duka la vyuma, karibu na zebra, kile kivuko cha watoto wa shule. Kahawa nauza mimi, Muema, na nawaambia ukweli: watu wa hapa hununua kikombe kimoja na kutoa maoni ya vikombe kumi. Kuna Sifuna, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa kortini kuwa shahidi katika kesi ya mbuzi, akaongea mpaka hakimu akamsihi akae. Kuna Mzee Macharia, Landilodi, ambaye kwake hakuna kona ya mtaa huu isiyokuwa shamba la babu yake. Na kuna Lenox wa bodaboda, jina la barabarani Turbo. Siku hiyo Turbo alikuwa amekaa katikati ya hao wawili, helmeti mapajani, na pikipiki hana.

Kisa chenyewe kilikuwa cha asubuhi. Auntie Selpher, mama anayevusha watoto, alikuwa ameinua kibao chake cha STOP na watoto wameshaanza kuingia barabarani. Turbo akaja mbio, akadhani atapenya. Usukani ukakigonga kibao, kikaruka mpaka kwenye beseni la mama anayeuza samaki wa omena. Watoto walirudi nyuma wakipiga nduru, ila hakuna aliyeguswa, Mungu ashukuriwe. Pikipiki ikazima, na kabla Turbo hajaiwasha tena Selpher alikuwa ameshachomoa ufunguo na kuuficha ndani ya blauzi. Hukumu aliitoa palepale: saa tisa watoto wakitoka, Turbo avae rifleksa, ile jaketi yake ya kung'aa, ashike kibao na awavushe yeye mwenyewe. Wa mwisho akifika ng'ambo, ufunguo atarudishiwa.

Bila ufunguo hakuna kazi. Lakini kwenda kuvusha watoto nako kulikuwa na balaa lake, nalo linaitwa Teacher Emmah wa nasari. Turbo humbeba kila jioni, na ameshamwambia mara nyingi kwamba yeye akiendesha hata trei ya mayai haitikisiki. Na Emmah ndiye huwatoa watoto getini, kwa hivyo aibu hiyo ataiona yote.

— Hii ni kesi rahisi sana, Wakili akaanza. Ufunguo inachukuliwa na karao peke yake. Selpher ni karao?

— Si polisi.

— Basi huo ni wizi. Alafu hiyo kibao yake, nani aliipaka rangi? Hiyo O amepaka na rangi ya kucha. Serikali haiwezi simamisha mtu na rangi ya kucha.

— Lakini niliiona, Turbo akasema kwa sauti ndogo.

— Usirudie hiyo maneno mbele ya watu. Wahenga walisema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Sasa wewe uchelewe, na hao wana wote si wako?

Nilitaka kumwambia wahenga hawakumaanisha hivyo, ila kubishana na Wakili ni kazi ya siku nzima na mimi nina jiko la kuchochea.

Landilodi akakohoa. Akikohoa ujue tunarudi enzi za babu yake. Akatueleza kwamba hapo palipochorwa zebra ndipo ng'ombe wa babu yake walipokuwa wakivukia kwenda mtoni, na hata lori la mkoloni lilikuwa likingoja mpaka ndama wa mwisho apite. Kwa hivyo haki ya kuvuka hapo watoto wameirithi kutoka kwa ng'ombe. Turbo hakumkosea Selpher, ameukosea ukoo, na atatoa mbuzi. Wakili akauliza mbuzi huyo atapokewa na nani, Landilodi akasema kwa unyenyekevu kwamba atajitolea yeye.

Wakili alivyosikia mbuzi akapata nguvu mpya. Akasema ukitazama vizuri, kibao ndicho kilichompiga Turbo, si Turbo aliyepiga kibao, kwa sababu Turbo alikuwa kwenye njia yake ya kila siku na kibao kilikuwa hewani bila kazi. Kibao kishtakiwe. Na kama kibao hakitafika kortini, basi mama wa omena aje na beseni kama kielelezo.

— Muda unaenda, Turbo akasema. Nitado nini?

— Skiza, Wakili akasema. Unaenda, lakini unavaa helmeti na unashusha kioo. Emmah atajuaje ni wewe?

— Imeandikwa TURBO hapo mbele, Landilodi akasema.

— Ataigeuza.

— Akigeuza ataona aje barabara?

— Kwani ni yeye anavuka? Wanaovuka ni watoto.

Tulicheka mpaka Landilodi akajimwagia kahawa. Turbo naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka ni yeye tunayemcheka.

Pembeni alikuwa amesimama mama mgeni, Namalwa, aliyepanga nyumba kwenye ploti ya Landilodi juzi. Alikuwa akingoja binti yake wa nasari atoke, na kahawa yake alikuwa amemaliza zamani. Kesi yote alikuwa ameisikiliza.

— Samahani, kaka, akamwambia Turbo. Asubuhi ulikuwa umebeba mgonjwa?

— Hapana.

— Kastoma amechelewa kazi?

— Sikuwa nimebeba mtu.

— Sasa ulikuwa unakimbilia wapi?

Turbo akamtazama Wakili. Wakili akatazama viatu vyake.

— Hapa, Turbo akasema.

— Hapa kulikuwa na nini?

Nilitazama benchi, nikatazama vikombe, nikaona aibu ikinipanda hata mimi ambaye sina pikipiki. Kijana alikuwa amewakatizia watoto wa watu njia ili awahi kuja kukaa, na alikuwa amekaa tangu asubuhi hiyo. Namalwa hakuwa na hasira. Alirudisha kikombe, akasema asante, akaelekea getini. Kengele ikalia. Turbo akaiacha helmeti kwenye benchi, akamfuata.

Rifleksa ya Selpher ilimbana makwapani. Emmah akatoka na foleni yake ya watoto, akamwona, akasimama, akafunika mdomo kwa mkono. Mimi sikujua kama anacheka au anafanya nini. Turbo hakugeuka. Aliingia katikati ya barabara, akainua kibao juu kabisa. Nilimpenda sana yule kijana wakati huo.

Ndipo akatokea Obuya, boda mwenzake wa steji moja, amelala kwenye tangi kwa mbio. Turbo hakusogea. Akashika kibao kwa mikono miwili. Obuya akafunga breki, tairi ikapiga kelele, akasimama kwenye mstari.

— Turbo, ni mimi bana.

— Naona ni wewe. Unakimbilia wapi?

Watoto wakaanza kuvuka wameshikana mikono, binti wa Namalwa katikati, na Obuya akabaki akifikiria. Walipofika ng'ambo wote ndipo akapata jibu: akaelekeza kidevu kwenye benchi letu. Na mimi nilikuwa nimeshageuza birika juu chini, kahawa imeisha.