Askari Watatu wa Chelangat na Majani Chai ya Mzee Wangu

Hapana, si kamari. Najua hakuna mtu ameuliza, lakini nimeona mzee wa kanisa akikunja uso pastor akisema kogo, huyu nyanya yenu, anakuja kushuhudia mambo ya game ya simu, nikasema wacha nijibu kabla swali haijafika. Hakuna pesa huko ndani. Ni chesi. Ni vita ya watu wadogo wadogo kwa simu, weupe na weusi, na Mungu alinitoa kifungoni kwa kutumia hiyo vita. Bwana asifiwe! Mmeitika kama watu hawajakunywa chai. Bwana asifiwe!

Ndugu zangu, mnanijua. Sikuenda shule. Shule yangu ilikuwa kikapu mgongoni. Majani chai yetu ilipandwa na mzee wangu, mume wangu yule mlimzika na nyimbo nzuri, na yeye ndiye alikuwa anaikata. Nyinyi wageni wa mjini hamjui: majani chai usipoikata chini kila baada ya miaka kadhaa, inakimbia juu, inakuwa ngumu, inakataa kutoa jani laini. Lazima uikate ibaki vijiti tupu. Inakaa miezi haikupi kitu. Halafu inaamka.

Mzee alikata yetu mara ya mwisho, na kabla haijarudi vizuri, akaenda. Basi nikasema hakuna panga itagusa hapo tena. Ile alama ya mwisho ni ya mzee. Mtu akikata, mzee amekufa mara ya pili.

Woga ilinishika, ndugu zangu! Mwaka ikapita, ingine ikapita. Majani ikanifika kifua, ikanifika kidevu, na mimi na hii urefu yangu ya kuku! Nikaanza kuchuna nimesimama juu ya kreti ya soda. Napanda, nachuna, nashuka, nasogeza kreti, napanda tena. Mama Nyaboke, jirani yangu wa kutoka Chepilat, akipita anasimama kwa njia. Mnajua vile anaongea, kama mtu anaita ng'ombe iko mlima ingine: "Eeeh! Kogo! Unachuna majani ama unapaka nyumba rangi?"

Na jani yenyewe ilikuwa banji tupu, ile imelala haikui tena, ngumu kama sikio ya mbuzi. Karani pale tunauzia, yule kijana anaongeanga na pua, anashika moja na vidole viwili kama ameshika mkia wa panya: "Shosho, hii... hii tutarudisha." Nikarudi nayo mgongoni. Siku ingine, "Shosho, hii tena?" Nikarudi nayo tena.

Ndio kijana wangu Kiprono akapiga simu kutoka Mulot, kule analima ngano. Lori zinapita nyuma yake, anapiga kelele kama mimi ndio niko kwa lori: "Mama! Ukikataa ikatwe, mimi nakuja kung'oa! Yote! Mvua ikiisha tu! Tunapanda miti ya blugamu!" Kung'oa! Majani ya baba yake! Nikamwambia uje uning'oe mimi kwanza. Lakini simu ikikatika nililia, kwa sababu huyo mtoto akisema anakuja, anakuja.

Sasa Chelangat. Huyo ameketi nyuma pale anajificha na leso. Chelangat, simama watu wakuone! Amekataa. Huyu ni binti ya Kiprono, alimaliza college akakuja kukaa na mimi. Akishakamua ng'ombe, anakaa jikoni anacheza chesi na watu wa ng'ambo hajawahi kuona. Dakika tatu kila mtu. Dakika zako zikiisha umeshindwa, hata kama ulikuwa unapiga mtu. Mimi nilikuwa nachungulia kwa bega yake nikipiga kelele, kwa sababu huyu msichana alikuwa anapeana!

Mchezo haijapata hata joto, anasukuma askari mdogo mbele, huyo mtu anamkula. Anasukuma wa pili, analiwa. Wa tatu, analiwa!

"Chelangat! Unalisha watu bure!"

"Kogo, ngoja." Yeye huongea hivyo, kidogo kidogo, kama chumvi.

Nikangoja. Na hapo, ndugu zangu, nikaona kitu. Yule mtu alikuwa anakula, mdomo imejaa, na watu wake wakubwa bado wamelala nyumbani. Na Chelangat, kwa zile nafasi zimebaki wazi, maaskofu wake wawili wamesimama bega kwa bega wanaangalia kingi wa huyo mtu mpaka ndani ya chumba ya kulala. Ndio, wanaitwa maaskofu. Pastor, usiniangalie hivyo, si mimi niliwapatia jina. Halafu anachukua askofu mmoja anamtupa kwa mlango ya kingi. Askofu mzima! Kingi anamkula, lakini kumkula ni lazima atoke nje, na nje ni baridi. Farasi anakuja. Kwini anakuja. Kingi anakimbia na nguo ya kulala. Kwisha! Mimi nilikuwa napiga makofi mpaka kuku inatoka jikoni.

Na niwaambie ukweli, si kila siku anashinda. Kuna siku anatupa askofu na hakuna kitu inatokea, huyo mtu anakula anapanguza mdomo. Mimi nangoja Chelangat alie. Anacheka! "Hapo nilikosea," anaanza ingine, na askari wa kwanza anaenda mbele tena kuliwa. Hiyo ilinishangaza kuliko kushinda. Mtu amechomeka na bado mkono yake iko wazi! Sikuwa nimeona mtu kama huyo tangu mzee wangu, ambaye alikuwa anaingia na panga kwa majani bado kijani, bado inauzwa, akiimba.

Nikasema nifundishe. Hakuna kusoma hapo, ni macho tu. Nikajua farasi anaruka, askofu anaenda kona kona, kingi ni mzee wa magoti mbaya, hatua moja anapumzika.

Basi ile siku majani yangu ilirudishwa mara ya mwisho, niliingia jikoni nimelowa, nikaweka kikapu kwa mlango bado imejaa. Chelangat alikuwa anamenya viazi. Nikachukua simu nicheze nisahau. Nikapata mtu, sijui wa wapi. Sikumpa kitu. Hata askari mmoja! Nilifunga watu wangu kama mbuzi kwa boma. Namtoa huyu, namrudisha. Yule mtu akaniletea askari wake nikule, nikakataa, nikasema huo ni mtego. Nikakaa nikifikiria. Saa yangu ikageuka nyekundu. Nikaendelea kufikiria. Simu ikalia: imeisha, umeshindwa.

"Nimeshindwa aje na hakuna mtu amenikula?"

Chelangat akanijibu. Hiyo jibu nitawapa nikienda kukaa, wacha kwanza niwaambie ilifanya nini. Nilitoka nje na mvua yote nikasimama mbele ya majani ya mzee. Nikaambia Mungu, "Nimechoka kushika." Sikuomba ingine. Na ile woga, ndugu zangu, ilinitoka kama mzigo imekatika kamba! Haleluya!

Mvua ilipoacha, nikatoa panga ya mzee chini ya kitanda nikampa Chelangat. Kiprono akafika na jembe ya kung'oa, akatukuta kwa shamba. Akasimama mdomo wazi. "Mama?" Nikamwambia, "Vua koti, ushike panga." Mama Nyaboke naye kutoka kwa njia: "Eeeh! Kogo! Basi nipatie hizo kuni!" Nikamwambia hapana, mzee alitufundisha matawi inalala chini ya mti yake, inaoza, inalisha mti.

Na sikieni hii. Tulipofungua mti ya kwanza, ndani kabisa, chini, niliona alama ya panga ya mzee. Imelala kombo, vile alikuwa anakata kila siku. Iko! Kwa sababu unakatanga juu kidogo ya pahali ilikatwa mara ya mwisho. Hakuna mtu anaondoa alama ya mwenzake! Mimi nilijua hiyo kitu maisha yangu yote, na woga ilinisahaulisha. Miaka yote nilifikiri nachunga mzee, kumbe nimemfunika na majani ngumu. Nilishika hiyo alama nikalia, nikacheka, Kiprono naye akageuka akaangalia mlima.

Tukakaa miezi na vijiti. Tukakunywa maziwa, tukacheza chesi. Sasa mimi natoa askari watatu, na wengi wananipiga, na nalala vizuri! Halafu majani ikaamka. Laini, unaweza pangusa mtoto nayo. Karani wa pua akaingiza mkono kwa kikapu, akaingiza tena: "Shosho, hii umetoa wapi?" Nikamwambia, kwa Bwana.

Asante Yesu! Kwa sababu hii mchezo ni Mungu aliicheza wa kwanza. Alitoa Mwana wake kabla sisi hatujatoa hata asante. Wewe umeketi hapo umekunja mkono juu ya kitu mpaka vidole zimekufa ganzi, mwamini Yeye. Fungua. Hata kidole moja, leo.

Pastor anaangalia saa, na mimi siku hizi naheshimu saa. Basi ile jibu. Chelangat aliangalia simu mara moja tu, akaona watu wangu wote wamesimama, kingi, kwini, askari wote, hakuna hata mmoja ameguswa. Akarudi kwa viazi yake, akasema:

"Kogo, umekufa na kila kitu yako bado iko."