Kura Moja Iliyopungua

Tii, tii, tii. Ni maji yanayogonga kitako cha ndoo tupu, alfajiri, kabla ya adhana. Mtaani kwetu Mchafukoge bomba lilitoa maji kwa muda mfupi tu, na aliyewahi ndiye aliyepata. Hyasinta aliwahi kila siku. Alijaza ndoo yake, kisha akajaza za waliolala. Mimi nilikuwa mmoja wa waliolala.

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Ni mimi Bibi Siti, hapa redioni. Leo tunamkumbuka jirani yangu Hyasinta, aliyetutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na moja.

Hyasinta alikuja Dar es Salaam kutoka Songea, akimfuata mumewe aliyekuwa fundi wa reli pale Gerezani. Mume akafariki mapema. Akabaki na binti mmoja, Benedikta, na kazi ya kupima unga katika duka la ushirika. Tukamchagua kuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Ukigombana na mwenzio, unakwenda kwa balozi. Mtoto akiugua usiku, unagonga kwa balozi. Hakuwahi kusema njoo kesho.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka ule wa sabini, Chama kiliitisha mkutano wa mkoa kupendekeza jina la mgombea urais. Jina lilikuwa moja. Mkimbiaji mmoja, na watu mia mbili na kumi na wawili wameitwa kuamua nani atakuwa wa kwanza. Ukumbini kitambaa kilikuwa kimetundikwa tangu jana yake: ASILIMIA MIA. Rangi ilikuwa imekwisha kukauka kabla mtu hajapiga kura.

Tawi letu lilipeleka watu watatu. Wa kwanza ni Hyasinta. Wa pili ni Girish, fundi cherehani, Mhindi wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mwenye kadi ya Chama na ada yake haijapungua hata mwezi. Wa tatu ni katibu wa tawi. Huyo jina lake silitaji. Nitamwita Katibu, kwa sababu alipenda sana kuitwa hivyo, hata na mkewe.

Kila tawi lilikuwa na sanduku lake dogo. Katibu hakukaa siku nzima. Alikuwa na koti la mifuko minne, akizunguka, akisimamia. Anamwambia huyu ukae wima, anamwambia yule kunja vizuri. Watu wazima wanafundishwa kukunja karatasi.

Kura zikahesabiwa. Watu mia mbili na kumi na wawili. Kura mia mbili na kumi na moja. Imepungua moja, na sanduku lenye upungufu ni la kwetu. Watu watatu, karatasi mbili.

Mngefikiri vita imeingia nchini. Mkoa ukasema kuna mtu amegoma kwa siri, na jina lake lipatikane kabla ya Ijumaa. Kitambaa kimeshaandikwa, hakiwezi kusema uongo.

Katibu hakuhangaika kutafuta. Aliandika barua kwamba Girish aliificha kura yake. Kilichobaki ni sahihi ya shahidi. Barua ile ikipita, Girish ananyang'anywa leseni, anafunga karakana, na mkewe Anjana alikuwa na mimba ya miezi minane.

Jioni Girish aliingia uani kwa Hyasinta. Nilikuwepo, nachambua mchele.

"Dada, uliniona? Uliniona nikitumbukiza?"

"Nilikuona, Girish. Uliikunja mara nne kama mtu anayefunga binzari."

Akacheka, huku machozi yanamtoka.

Kesho yake Katibu akamwita Hyasinta ofisini. Tulimsindikiza, tukakaa kwenye benchi mlangoni.

"Ndugu balozi, weka sahihi hapa."

"Niseme nimeona nini?"

"Ulimwona Mhindi akiificha kura."

"Nilimwona akiipiga."

"Ulikuwa umechoka, mama."

"Macho yangu hayakuchoka. Na wewe, ndugu Katibu, ulipiga saa ngapi?"

Katibu akanyoosha koti lake.

"Mimi nilikuwa nasimamia."

"Sikuulizi ulikuwa unafanya nini. Nakuuliza ulipiga saa ngapi."

Kwenye benchi mtu alishindwa kuzuia kicheko. Nadhani ni mimi. Katibu akapiga meza.

"Kama si Mhindi, basi ni wewe!"

"Basi niandike mimi," akasema Hyasinta. "Kalamu unayo, na mhuri unao."

Na kweli aliandika. Wasikilizaji wapendwa, mwanamume mzima, msomi, alikaa akaandika jina la mjane kwa mwandiko mzuri, akagonga mhuri. Hyasinta aliyepiga kura yake akaandikwa kwamba hakupiga.

Wiki ile ile kadi yake ikakatwa kwa mkasi mbele ya mkutano. Ubalozi ukaondoka. Kazi ya duka ikaondoka. Mtaa tukaletewa balozi mpya, shemeji yake Katibu. Bendera ya Chama, ile inayopepea mlangoni kwa balozi, ilihamia kwa shemeji, lakini ugomvi wetu tuliendelea kuupeleka kwa Hyasinta.

Binti yake, Benedikta, ameniambia hivi: "Girish alileta cherehani mlangoni. Akamwambia mama, hii mbovu, inanijazia nafasi, nisaidie kuitoa. Mama alipoikanyaga ikaenda kama gari jipya. Hawakuzungumza tena jambo hilo. Mimi nimesomeshwa na cherehani mbovu."

Baada ya mazishi nilikwenda kumwona Katibu. Yu hai, mzee sana, nyumba kubwa. Nilimwambia Hyasinta amefariki. Akauliza, "Hyasinta yupi?" Nikamkumbusha sanduku letu. Akainama, akasugua goti.

"Ile karatasi mke wangu aliikuta akifua koti," akasema. "Nilisahau kupiga. Kazi zilikuwa nyingi."

"Ukaifanyaje?"

"Nikaichoma. Mkoa ulikuwa umeshafunga jalada."

"Na yeye? Mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa nasubiri nafasi."

Miaka thelathini na sita alisubiri nafasi. Mama wa watu alikuwa mtaa wa pili, anashona, mlango wazi.

Kwako Benedikta, na wajukuu, na ndugu wote wa Songea, poleni sana. Poleni nanyi Girish na Anjana; najua mmefiwa na dada. Mungu ampumzishe Hyasinta mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize. Mimi nilikaa kwenye benchi nikacheka, lakini kwenye mkutano ule, kadi ilipokatwa, sikusimama. Wewe umekaa kwenye benchi gani, na unamwacha nani asimame peke yake?

Jambo la mwisho. Nilipoinuka kuondoka, Katibu alinishika upande wa kanga. Viti vya sebule yake bado vina nailoni ya dukani, havijakaliwa.

"Bi Siti, uje tena," akasema. "Siku hizi hawanijii watu. Uje tena, hata kesho. Ila hicho kinasa sauti ukiache nyumbani."