Fumbua Macho, Tazama Kamera

Kijiwe cha Gundi ni benchi moja refu la mbao, kati ya kibanda chake cha kushonea viatu na saluni ya Wembe. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, kwa hiyo mtu akicheka upande huu, wa upande ule anamwagikiwa na kahawa. Wenyeji wa hapo wanaitana kwa majina ya utani: Gundi, fundi viatu na mwenye birika la kahawa, Wembe kinyozi, ambaye mdomo wake hauna breki, Rula, mwalimu mstaafu anayesahihisha hata salamu, na Swichibodi, mzee kipofu aliyepokea simu za ofisi ya kadi za matibabu miaka thelathini na moja. Siku hiyo Swichibodi alikalia ncha ya benchi, simu mkononi. Kesho asubuhi alikuwa alazwe apasuliwe ngiri, zamu aliyoisubiri miezi minane, na kadi yake ya matibabu ilikuwa inakwisha leo. Kuihuisha ni kwenye tovuti tu, na tovuti inafungwa saa kumi kamili. Saa yenyewe ilikuwa tisa na robo.

Simu yake huwa inamsomea. Anagusa kioo, inamtamkia alichogusa, naye anajua pa kubonyeza.

— Kitufe, ilisema simu. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.

— Kitufe cha nini? aliuliza Wembe.

— Ningejua ningekuwa nimekaa hapa nanuka gundi? Siku ya tatu leo inaniimbia kitufe. Waliotengeneza hawakuvipa majina. Wao wanaviona, yamekwisha.

— Si ungekwenda ofisini, mzee?

— Nimekwenda. Dirisha wamelipigilia mbao. Mlinzi ananijua vizuri, kaniambia, mzee wangu, huduma zote zimehamia mtandaoni. Nikapiga simu. Namba ileile niliyokuwa naipokea mimi! Inajibu kanda: tembelea tovuti yetu.

Hilo ndilo lililomchoma hasa. Kwenye meza ile ya simu alikuwa amepokea wenye kigugumizi, walevi, vikongwe wasiosikia wanaopiga kelele mpaka sikio linauma, na wote aliwaunganisha. Sasa amegeuka yeye wa kuomba kuunganishwa, na upande wa pili hakuna mtu.

— Tatizo ni vijana, alisema Rula. Wana macho mazima, wanadhani dunia nzima inayo.

— Vijana wapi, mwalimu! Gundi alitema mate. Ni makusudi hayo. Ukishindwa kujaza wanakuandika umekufa. Wakikuandika umekufa, foleni ya hospitali inapungua. Mwisho wa mwaka wanatangaza kwamba wananchi wana afya njema.

— Nyie hamjui kitu, alisema Wembe. Hiyo tovuti haipo. Kuna jamaa kafungiwa chumbani na kiyoyozi, kazi yake kubonyeza "jaribu tena". Mtu akijaza, yeye anabonyeza. Namnyoa shemeji yake.

— Shemeji yake nani?

— Sasa mnataka na kitambulisho chake?

Benchi likacheka, likainuka, kahawa ikamwagikia Swichibodi kwenye goti. Yeye hakucheka.

— Mmemaliza? Saa ngapi?

— Tisa na nusu.

— Basi nisaidieni, jamani. Kunicheka mtanicheka nikitoka kupasuliwa.

Gundi akajifuta mikono kwenye aproni, akaichukua simu, akajaza jina na namba, herufi moja moja, huku Rula akimsahihisha kutoka nyuma ya bega.

— Inataka uthibitishe wewe ni binadamu, alisema Gundi. Uchague picha zote zenye daraja.

— Miaka sitini na minne nimekuwa binadamu bila kuulizwa daraja!

— Hii ni daraja?

— Hilo ni kalvati, alisema Rula.

— Maji yanapita chini, watu wanapita juu, kalvati gani?

— Bonyezeni, jamani! Saa inakwenda!

Wakabonyeza, ikakubali. Kisha simu ikatoa sauti ya mwanamke, laini kabisa: Fumbua macho. Tazama kamera.

Macho ya Swichibodi yaliondoka na surua akiwa na miaka minne, na kope zimezama tangu hapo. Hata hivyo alinyoosha shingo, akajikaza.

— Sura haijatambulika. Fumbua macho.

Akaziinua kope kwa vidole. Haijatambulika. Akazivuta zaidi, mpaka maji yakamtoka yakafika kidevuni. Fumbua macho, ilisema sauti. Aliwasikia wenzake wamebana pumzi, akaona aibu, na aibu ile ilimkasirisha kuliko tovuti yenyewe. Mtu mzima, na heshima zake, anajipanua macho mbele za watu kwa sababu kaamrishwa na simu!

— Kumi kasoro dakika nne, alisema Rula kwa sauti ndogo.

— Lete hapa! Wembe aliipokonya simu. Lete!

Kikasikika kikengele. Hongera, ilisema sauti. Uhakiki umekamilika. Kadi yako imehuishwa.

— Umefanya nini? aliuliza Swichibodi.

— Nimeitazama. Ilitaka macho, nimeipa macho.

Loo, furaha ya pale! Gundi aligonga nyundo kwenye kiatu cha mtu. Rula, ambaye hampongezi mtu, alimpongeza Wembe. Swichibodi aliutafuta mkono wa kinyozi, akaushika kwa mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu pumzi ikamshuka mpaka tumboni. Gundi akamimina kahawa iliyobaki, kila mtu kikombe.

Ndipo Swichibodi aliposikia viatu viwili visivyolingana mlio, kimoja kina kisigino, kingine hakina. Alikuwa mama mmoja, kaleta kiatu kishonwe, na simu ilikuwa bado inang'aa pale kwenye benchi.

— Shikamooni wazee. Samahani, hii kadi mbona ina picha ya kinyozi?

— Ndiyo, mama, alisema Wembe. Ufundi huo.

— Na jina ni la mzee.

— Ndiyo.

— Kesho mapokezi wataangalia sura. Sasa atakayepasuliwa ni yupi?

Gundi akadaka simu abadilishe picha. Rula akamsomea polepole, kama anasoma matokeo ya mtihani: saa kumi na dakika mbili, tovuti imefungwa, picha hubadilishwa baada ya miezi kumi na miwili.

— Mzee, mimi nilitaka… alianza Wembe.

— Najua ulichotaka.

Swichibodi akanyoosha mkono, akarudishiwa simu. Akapiga ile namba, ambayo vidole vyake vinaijua hata usingizini. Asante kwa kupiga, ilisema kanda. Tembelea tovuti yetu.

— Miaka thelathini na moja, aliiambia, sikumkatia mtu simu. Hata mmoja.

Kanda ikamaliza, ikakata.