Wasifu wa Dada Yetu, Mshonaji Aliyetembeza Kitabu Chake

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu nausoma mimi, mdogo wake marehemu. Aliyenichagua ni yeye mwenyewe, na ninyi mliohudhuria mikutano yake mnajua kwamba alikuwa na watu wengine wengi wa kuchagua.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi bomba na mkewe mfumaji. Mimi nilifuata mwaka 1952, na miaka mitano baadaye akaja kitinda mimba wetu wa kike. Tulikulia katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, yenye tangi la maji la saruji uani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari miaka minne, kisha mafunzo ya ushonaji, ambako alimaliza akiwa wa kwanza. Baba alilitangaza jambo hilo hata kwa wateja waliokuja kulalamikia mabomba yanayovuja.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali. Kwa miaka thelathini na minne alishona mashuka, mapazia na makoti ya madaktari. Mwaka 1975 aliolewa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliyekuja kutengeneza taa ya cherehani yake mara nne katika wiki moja. Taa ilikuwa nzima. Mwenye hitilafu alikuwa fundi. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji alitutoka mwaka 2012.

Katika ujane wake alianza kuandika maisha yake kwenye madaftari ya shule, na mwaka 2018 akachapisha kitabu chake, *Upande wa Ndani wa Mshono*. Nilimwambia, "Dada, nani ataacha shughuli zake aje kumsikiliza mshona mashuka?"

Akanijibu, "Wewe utakuja."

Alipanga nakala katika kikapu cha magurudumu akaenda nazo maktaba, ukumbi wa walimu, saluni, hata kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje. Mkutano wa kwanza ulikuwa na watu saba, wawili kati yao wakisubiri mvua ikatike. Hakukubali kumuuzia mtu ambaye hajamuuliza swali. "Hiki si kipande cha sabuni," alikuwa akisema.

Nami nilikwenda kweli, kwa sababu ya ukurasa wa ishirini na tatu. Wote mnaniita Shujaa, na jina hilo nimelipaka rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yangu. Nililipata Agosti 1960, nikiwa na miaka minane, kwa kumwokoa kitinda mimba wetu alipotumbukia kwenye tangi. Ukurasa huo unasema aliyemwokoa ni dada.

Basi kila mkutano nilisimama na kupaza sauti, "Ukurasa wa ishirini na tatu ni uongo mtupu!"

Dada hakuwahi kunigombeza. "Huyo ni mdogo wangu," aliwaambia watu. "Yumo humu ndani. Asiyejua amwamini nani, akasome mwenyewe."

Wakapanga foleni. Ikafika mahali ananipigia simu: "Jumamosi saa nane, ukumbi wa walimu. Usichelewe, maana usipokuwepo hawanunui." Nakala mia tatu zikaisha, akachapisha nyingine. Mpinzani wake ndiye aliyekuwa mpiga debe wake.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua, na Aprili 2024 akalazwa katika hospitali ileile aliyoishonea. Hata humo aliwakusanya wagonjwa wenzake akawasomea. Nilikuwepo, na sikusimama. Walipotawanyika akaniuliza, "Leo mbona umekaa?"

Nikamwambia miguu inauma.

"Basi ipumzishe. Wasifu wangu utausoma wewe."

"Nisome nini, dada?"

"Utakacho. Sitakuwepo kukujibu."

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, bintiye mkubwa akiwa amemshika mkono.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka sitini na minne. Siku ile mtoto alipotumbukia, nilikimbia nikajificha nyuma ya mabomba ya baba. Dada, mwenye miaka tisa, aliingia kwenye tangi na gauni lake, akamtoa mtoto, akamlaza kifudifudi, akamtapisha maji. Kisha akaniita, akanipa nimshike ili yeye akimbie kumwita mama. Majirani waliponikuta nimembeba, waliniinua juu wakishangilia. Dada aliporudi alisikia ninavyosifiwa, na gauni lake lililolowa hakuna aliyeuliza habari zake. Aliniangalia, akanyamaza. Alinihurumia, na akaendelea kunihurumia kwa miaka hamsini na minane, hadi kitabu kilipotoka. Ukurasa wa ishirini na tatu ni kweli, kila neno. Naona aibu kubwa, na nilimpenda mno.

Ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu sita, kitinda mimba wetu ambaye leo naye ni bibi wa watu kwa sababu dada aliingia majini, na mimi.

Dada yangu, pumzika kwa amani. Nimesimama, na leo sipingi.